Riwaya ya Uchawi si Ushirikina

Miongoni mwa wasomi wa nchi hii wako wanaoamini kwamba riwaya yenye uchawi ndani yake ni mbegu ya ushirikina, na kwamba mwalimu mwenye kuwatakia mema wanafunzi wake hana budi kuiweka mbali nao. Wako na wengine ambao huzisoma kwa hamu riwaya za namna hiyo zitokazo ng'ambo, zenye wafalme, wachawi na vita vya kugombea viti vya enzi, lakini hucheka waambiwapo kwamba Mbulu na Hanang zaweza kuzaa riwaya kama hizo. Makundi haya mawili hudhani yanapingana. Kwa kweli kasumba yao ni moja: yote mawili yanaikimbia historia ya wananchi.

Ichukuliwe kwanza hoja ya wale wa ushirikina. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ndani yake mna mganga, mna pepo, mna maji yanayoaminiwa kuzuia risasi. Imesomwa mashuleni kwa miongo mingi. Je, nani amepata kumsikia mwanafunzi aliyetoka darasani akiyategemea maji hayo? Alichojifunza ni kwamba imani huweza kuwaunganisha wanyonge, na kwamba imani hiyo hiyo, ikimponyoka aliyeianzisha, huweza kuwaangamiza. Mwaka 1977 C. G. Mung'ong'o naye alitoa Mirathi ya Hatari, riwaya ya kijana anayerithishwa uchawi. Jina lenyewe la kitabu ni onyo, wala si tangazo la biashara ya waganga.

Waingereza walitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Sheria hiyo ilimpa hata Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa akaishi mahali pengine. Miongo ikapita, bikizee wakaendelea kuuawa kwa sababu ya tuhuma, na kuanzia mwaka 2007 taifa zima likashtushwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Wauaji hao hawakufundishwa na riwaya. Walifundishwa na hofu, na nyuma ya hofu hiyo alikuwapo mtu mwenye kuvuna fedha au cheo. Sheria humfunga muuaji, wala hapana anayesema isimfunge. Lakini hofu haifungwi jela. Hofu huvunjwa na mtu aliyezoea kuuliza: nani anafaidika? Swali hilo ndilo riwaya njema ya uchawi humfundisha msomaji wake kuliuliza.

Sasa igeukiwe hoja ya wale wanaocheka. Katika nchi ya Wairaqw, shughuli za mvua na za ardhi zilikuwa na wataalamu wake, hasa wa ukoo wa Manda. Qwaslarmo alitoa dawa na shauri kwa siri. Kahamusmo, msemaji wa wazee, akayasimamia hadharani. Mmoja ana siri asiyoitangaza, mwingine ana sauti isiyo na siri. Mwandishi gani wa Ulaya amebuni mgawanyo wa madaraka wenye mvutano mkubwa kuliko huo? Wadatoga wanamkumbuka Saigilo, mtabiri wa karne ya 19, na wanasimulia jinsi Wajerumani walivyomnyonga mwanawe, Gidamowsa. Mkoloni hakumwita Gidamowsa mshirikina akampuuza. Alimnyonga, kwa kuwa alitambua kwamba neno la mtabiri lina uzito wa jeshi.

Wala mgongano huo haukwisha na ukoloni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang. Yalifika mashamba saba, kiasi cha ekari 100,000. Nia ilikuwa kulilisha taifa, na hiyo ni nia njema. Lakini nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, bung'eda, ambayo sherehe zake huchukua miezi. Trekta likapita juu ya makaburi. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda Mahakama Kuu na kushinda mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema kijiji hakikuthibitisha kwamba ardhi ile ilikuwa mali yake. Hesabu ya magunia iliandikwa. Hesabu ya mizimu iliyoondolewa makaoni mwake haikuandikwa katika jalada lolote, kwa kuwa jalada halina safu yake. Riwaya inayo.

J. R. R. Tolkien, ambaye vijana wengi humdhani ni wa ulimwengu mwingine, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na ngano zake alizichota katika lugha na masimulizi ya kale ya Ulaya ya Kaskazini. Hakuona haya. Mbulu na sehemu za jirani ndipo mahali ambapo Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na wasemaji wa lugha za Kibantu hukutana, kila kundi na lugha ya asili yake. Mwenye hazina hiyo akienda kukopa mazimwi ng'ambo, amejitia umaskini mwenyewe.

Haisemwi hapa kwamba watabiri wote walikuwa mashujaa. Wenye siri nao huweza kuonea, na riwaya itakayowapamba itakuwa ya uongo sawa na ile itakayowadhihaki. Inayotakiwa ni riwaya itakayompima mtabiri, mkoloni na meneja wa shamba kwa mizani moja.

Kazi hiyo ina pa kuanzia. W. D. Kamera alikusanya na kuchapisha hadithi za Wairaqw katika miaka ya 1970. Mwalimu wa Dongobesh au Katesh aweza kuwatuma wanafunzi wake kwa wazee wao wakiwa na daftari. Afisa utamaduni aweza kuona kwamba madaftari hayo hayaliwi na mchwa. Wazee hawangoji bajeti ya mwaka ujao, na kila anayezikwa bila kuulizwa huondoka na sura nzima ya kitabu ambacho bado hakijaandikwa.