UCHAMBUZI: Kiporo si aibu, lakini hakiwezi kuwa sera ya serikali

KILA bei ya unga inapopanda humu nchini, huzuka kundi la washauri ambao hawakuulizwa chochote. Wananchi huambiwa wajifunge kibwebwe, wapange matumizi yao, wasitupe chakula, na waache kuililia sima kana kwamba hakuna mlo mwingine duniani. Ushauri huo mara nyingi hutolewa hotelini, kwenye warsha, mbele ya meza ambayo mabaki yake pekee yangetosha kulisha ploti nzima katika mtaa wa mabanda.

Si nia ya makala haya kuudharau ushauri wenyewe. Kupanga mlo wa wiki, kupika kwa kiasi na kuyatumia mabaki ni maarifa ya kweli, na nyumba inayoyazingatia huona tofauti. Linalostahili kuchunguzwa ni nani anayeambiwa ajinyime, anajinyima kwa gharama gani, na ni mahali gani ambapo maarifa ya jikoni hayawezi tena kufidia makosa ya wenye mamlaka.

Tuanze na kumbukumbu. Mwezi Mei 2017, zikiwa zimesalia wiki chache tu kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Jubilee ilitangaza ruzuku iliyoshusha bei ya pakiti ya kilo mbili za unga wa mahindi hadi Sh90. Miaka mitano baadaye, Julai 2022, uchaguzi mwingine ukiwa umebisha hodi na pakiti iyo hiyo ikiwa imepita Sh200, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza iuzwe kwa Sh100. Wengi wetu tunakumbuka jinsi unga huo ulivyokuwa mgumu kupatikana madukani. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022, alisema ruzuku hiyo ilikuwa imemeza Sh7 bilioni bila manufaa, na akaamua kuelekeza fedha kwa mkulima. Mbolea ikashushwa hadi Sh3,500 kwa gunia la kilo 50, na mwaka uliofuata ikawa Sh2,500.

Hoja ya kumsaidia mzalishaji badala ya mlaji ina mantiki yake. Hata hivyo, kati ya siku mbolea inapotiwa shambani na siku unga unapofika sufuriani hupita miezi mingi, na tumbo halina subira hiyo. Oktoba 2022 mfumko wa bei ulifika asilimia 9.6. Oktoba 2024 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.7, nao wakuu serikalini wakajipiga kifua. Mama wa nyumbani aliyesikia habari hizo redioni alishangaa kwa nini hakuziona sokoni. Jibu ni sahili: mfumko unaposhuka, bei hazirudi zilikokuwa. Huendelea kupanda, ila kwa mwendo wa pole. Aliyepandishiwa gharama mwaka wa 2022 alibaki juu ya ngazi ile ile, na mshahara wake chini.

Ni katika pengo hilo ambapo jiko la nyumbani hugeuzwa kuwa wizara ya fedha.

Na Wakenya hawakuanza jana kazi hiyo. Lugha yenyewe ni shahidi. Mboga tuliyoizoea kuliko zote tuliibatiza sukuma wiki, jina linaloeleza wazi kazi yake. Mwaka wa 1984, ukame ulipoikumba nchi na serikali ikalazimika kuagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi. Tuliyabeza mahindi hayo shuleni na njiani, tukiapa kwamba ni chakula cha mifugo. Nyumbani, mama aliyachanganya na maharagwe, akayachemsha kwa saa nyingi, akayaunga kwa kitunguu kimoja, na hakuna aliyeacha chembe kwenye sahani.

Katika Pwani, chakula cha jana kinacholiwa asubuhi kina jina lake la heshima, mwiku, na wapo wanaokiona kitamu kuliko kilipotoka motoni. Ugali uliolala, ukakatwa vipande na kuchomwa juu ya makaa, ni staftahi ya mamilioni ya watu. Magharibi mwa nchi, mnavu na mgagani hupikwa leo, hutiwa maziwa, hupashwa tena kesho na kesho kutwa, na uchungu wake hupungua kila unapopashwa. Jamii za wafugaji Kaskazini hukata nyama vipande vidogo, huikaanga hadi ikauke na kuihifadhi ndani ya mafuta. Nyirinyiri hiyo hukaa muda mrefu bila friji. Wala tusisahau kwamba Desemba 2021 shirika la UNESCO liliiweka kazi ya Kenya ya kuhuisha vyakula vya kiasili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa utamaduni. Dunia inatupongeza kwa yale ambayo baadhi ya vijana wetu mijini huyaonea haya.

Kwa hivyo tatizo si ujinga. Kilichobadilika ni mazingira ambamo maarifa hayo yanatumika.

Vitabu vya mapishi ya kubana matumizi humshauri msomaji anunue kwa wingi, apike mara moja na ahifadhi kwenye friji. Kibarua anayelipwa jioni kwa kazi ya siku hiyo hawezi kununua kwa wingi. Kule Mathare, Kibera au Kawangware, mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe, sukari hufungwa kwa kijikaratasi, na nyanya huuzwa mbili mbili. Tunauita uchumi wa kadogo. Anayenunua mafuta ya Sh20 kila siku hutumia Sh600 kwa mwezi wa siku 30. Laiti angekuwa na Sh600 hizo kwa mkupuo siku ya kwanza, angepata kipimo kikubwa zaidi. Umaskini humtoza mtu ada kila anapokwenda dukani, na hakuna ratiba ya mlo inayoweza kuifuta ada hiyo.

Lakini maskini hana akili finyu, na hapa washauri wetu wangejifunza jambo. Angalia kibanda cha mama anayechemsha githeri jioni kando ya barabara. Wapita njia hununua kikombe kimoja au viwili, kisha wakaenda kuyaunga nyumbani kwa dakika chache. Anayetazama kwa mbali atasema ni uvivu. La hasha! Chungu kimoja kikubwa kinachowaivishia majirani 50 hutumia kuni chache mno kuliko sufuria 50 zinazochemka kila moja katika chumba chake. Wateja wa kibanda hicho wamegawana gharama ya moto bila kuitisha mkutano wala kuunda chama cha ushirika.

Moto ndio ambao mijadala ya unga huusahau. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya familia nchini zilipikia kuni, asilimia 23.9 gesi, asilimia 11.6 makaa na asilimia 7.8 mafuta ya taa. Kila mojawapo ya nishati hizo imewahi kuguswa na sera. Marufuku ya kukata miti iliyotangazwa Februari 2018, ambayo nia yake ilikuwa njema, ilipandisha bei ya makaa. Septemba mwaka huo huo, mafuta ya taa yakatozwa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuwazuia wafanyabiashara walaghai kuyachanganya na dizeli. Aliyeadhibiwa zaidi akawa ni mwenye jiko la utambi. Gesi nayo ilirudishiwa kodi ya ziada ya thamani (VAT) ya asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, na kuondolewa Julai 2023. Serikali inayobadilisha msimamo mara tatu kwa miaka miwili haiwezi kumlaumu raia kwa kutopanga mambo yake.

Matokeo yake huonekana kwenye sahani. Maharagwe ni chakula cha bei nafuu kikiwa gunia, lakini ni ghali kikiwa motoni. Familia huyaacha na kuhamia vyakula vya haraka visivyo na lishe kama hiyo: chai na mkate, au viazi vya kukaanga vya kibandani.

Ipo njia ya kuyapunguzia maharagwe gharama, na hapa naomba radhi kwa wasomaji wanaotarajia siasa tupu kwenye ukurasa huu. Rowesha kilo moja usiku kucha, umwage maji yale, kisha uchemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza, kwa kuwa maharagwe mekundu yasiyoiva vyema yana sumu inayoumiza tumbo. Yakishaiva usiyaunge yote. Yenye kitunguu, nyanya au nazi huchacha upesi. Yaliyochemshwa matupu hustahimili zaidi. Siku ya kwanza unga sehemu moja kwa ajili ya wali. Siku ya pili changanya sehemu nyingine na mahindi. Yatakayosalia yaponde pamoja na viazi na majani ya maboga, upate mukimo. Wasio na friji huyachemsha yaliyobaki asubuhi na jioni. Penye joto kama la Mombasa, usithubutu kuvuka siku mbili. Sufuria iliyokwisha kuchemka ukiiondoa jikoni na kuifungia ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au majani makavu ya migomba, itaendelea kuiva yenyewe. Maafisa wa sayansi kimu walikuwa wakiwafundisha akina mama mbinu hiyo, zamani walipokuwa wakifika vijijini.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo ubanaji wa matumizi hugeuka hatari. Wali ulioachwa juu ya meza usiku kucha unaweza kuzaa bakteria waitwao Bacillus cereus, na sumu wanayoitoa haiondolewi kwa kupasha moto. Wali wa kulalia ni ule uliopozwa upesi na kuwekwa penye baridi. Usio hivyo ni heri kuku waule.

Janga kubwa zaidi ni la mahindi yenye ukungu. Mwaka wa 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini na 125 wakafariki. Sumu hiyo haimalizwi na moto wa kawaida wa kupikia. Wengi wa waathiriwa walikuwa wamekula mavuno yao wenyewe, yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka sawasawa. Mama anayeshika punje zilizobadilika rangi na kuziangalia mara mbili anajua kuwa hazifai. Anachopima ni njaa ya leo dhidi ya ugonjwa wa kesho. Wala wa mijini hawakusalimika, kwani Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) liliondoa madukani aina tano za unga kwa sababu ya sumu iyo hiyo.

Mnamo 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilikadiria kuwa kila Mkenya hutupa kilo 99 za chakula nyumbani kwa mwaka. Takwimu hiyo ilinukuliwa kila mahali kama ushahidi wa ubadhirifu wetu. Ni wachache waliosoma kwamba hesabu hiyo hujumuisha pia visivyolika, kama vile mifupa na maganda. Nyumba inayokula ndizi, viazi na mahindi mabichi lazima itoe taka nzito, hata kama haijatupa tonge moja. Isitoshe, wastani humweka mwenye friji mbili katika mizani moja na anayenunua nyanya mbili. Ubadhirifu upo, nasi huuona kwenye harusi, kwenye matanga ya wakubwa na kwenye vikao vya kaunti vinavyofanyiwa hotelini. Huko ndiko mahubiri ya mabaki yangeanzia.

Kuna na la jinsia, ambalo wanaume wenzangu hawapendi kulisikia. Kuchambua, kurowesha, kuamka alfajiri kuchemsha upya na kukumbuka nini kilibaki ni kazi, na karibu kote nchini humwangukia mwanamke. Yapo maboma ambamo baba huacha Sh200 mezani asubuhi na jioni akauliza nyama iko wapi. Tukiihesabu akiba inayopatikana jikoni bila kuyahesabu masaa yaliyoizalisha, hatujahesabu kitu.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha ambao, kabla ya kurekebishwa, ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na mafuta ya mboga ushuru wa asilimia 25. Juni 26 Rais Ruto alitangaza kuwa hatautia sahihi. Wachanganuzi wengi waliyaeleza maandamano hayo kwa hesabu za deni na utawala, na hawakukosea. Ila mkate na mafuta ndivyo vitu ambavyo kwa makabwela hakuna tena pa kubania. Ukishakata nyama, ukakata maziwa, ukala kiporo asubuhi na githeri ya kupimiwa usiku, kodi inayofuata hukata mlo wenyewe.

Yapo mambo mawili ya kufuatiliwa kila bajeti inaposomwa. La kwanza ni iwapo gesi itaachwa bila VAT kwa muda wa kutosha ili familia inayopikia makaa ithubutu kununua mtungi. La pili ni kukausha mahindi. Mwaka wa 2023 serikali ilianza kupeleka mashine za kukaushia nafaka katika maeneo ya mavuno. Mkulima aliye mbali nazo bado huanika mahindi yake juu ya turubai kando ya barabara, akitazama mawingu.