Baba Hayumo Katika Sentensi

Kila mwanafunzi wa isimu anajua kwamba kauli ya kutendwa humficha mtenda. Katika kliniki za wajawazito kauli hiyo imetawala. Mama hupimwa, huandikwa, huambiwa, na akiwa na virusi vya Ukimwi husemekana "amepatikana". Mahakamani nako mtu hupatikana na hatia. Sidhani wauguzi wetu hukusudia hivyo, lakini sikio la mama husikia yote mawili.

Jambo hili lina historia. Kuanzia mwaka 1990, nchi yetu ilikadiria kuenea kwa Ukimwi kwa kupima damu ya wajawazito iliyobaki baada ya kipimo cha kaswende, bila majina. Takwimu zikapatikana, wenye damu hawakuambiwa kitu. Yamkini wataalamu walikuwa na hoja, maadamu hawakuwa na dawa ya kuwapa. Hoja hiyo ilikosa mashiko mwaka 1999, utafiti uliofanywa Kampala ulipoonyesha kwamba tembe moja ya nevirapini kwa mama akiwa na uchungu, na kipimo kidogo kwa mtoto mchanga, hupunguza maambukizi kwa takriban nusu. Leo tiba ni bora zaidi. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 wanaozaliwa na akina mama wenye virusi huambukizwa. Mama akimeza dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Kwa hivyo siwaungi mkono wanaotaka wajawazito waachwe. Wapimwe, ila waulizwe kwanza, kwani sheria ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu.

Linalonikera zaidi ni jina la mpango wenyewe: kuzuia maambukizi kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Mama ndiye chemchemi, mtoto ndiye mwathiriwa. Je, baba yuko wapi? Hili si kosa la maneno matupu. Mama aliyepimwa mimba ikiwa changa na kuonekana hana virusi hudhani amevuka. Akiambukizwa mwezi wa saba, au akiwa ananyonyesha, virusi huwa tele katika damu yake siku hizo za mwanzo, na hatari kwa mtoto huwa kubwa. Ndiyo sababu hupaswa kupimwa tena mimba ikikomaa. Na anayemwambukiza wakati huo, aghalabu, ni mume ambaye hakuna aliyemwita kliniki.

Nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili wajaribu zoezi moja darasani. Waandikeni wanafunzi jina la mpango huo ubaoni, kisha waulizeni ni nani aliyeachwa nje. Mimi nimelijaribu chuoni. Wasichana walijibu papo hapo. Wavulana walichukua muda, na mmoja akauliza kama mwanamume anaruhusiwa kuingia kliniki ya wajawazito. Anaruhusiwa.