Cherehani Iliyochukuliwa Rehani



Katika Jumuiya Ndogo Ndogo tunazozitembelea, kuna mama ambaye hakuwa akikosa sala, na sasa haonekani. Tukiuliza, twaambiwa anaumwa. Haumwi. Anajificha, kwa maana wadai wanaijua siku na saa ya Jumuiya yake, na mara ya mwisho walimkuta palepale, rozari ikiwa mkononi.

Hakukopa kwa ajili ya mbolea wala matibabu. Alikopa ili anunue makochi, ambayo hata hayakaliwi, yamefunikwa vitambaa yakingoja wageni. Akaongeza deni jingine kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza ya mwanawe: maturubai, muziki, keki, mpiga picha za video. Wadai walipokuja waliyaacha makochi, wakachukua cherehani iliyokuwa ikimlisha yeye na watoto.

Mikopo hiyo wananchi wameipa jina lake halisi: kausha damu. Anayechukua shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akaweza kulipa riba tu, baada ya miezi 5 amekwisha kutoa 300,000, na bado anadaiwa zilezile 300,000 za kwanza. Huo si msaada, ni unyang'anyi wenye mkataba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Hata hivyo, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Wakopeshaji wa namna hiyo humwaibisha mdaiwa kwa kuwatumia ujumbe watu ambao namba zao zimo katika simu yake, hata katekista wake.

Kumbukumbu la Torati (24:6) linakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuuchukua uhai wa mtu. Cherehani ya mama huyu ni nini kama si jiwe la kusagia?

Lakini tusiwalaumu wadai peke yao. Mwaka 1991, katika waraka Centesimus Annus, Papa Yohane Paulo II alionya juu ya maisha yanayotafuta kuwa na vitu kuliko kuwa watu. Na sisi mapadre tumefanya nini? Tumeketi meza kuu, tumekula, tukaisifu sherehe kwamba imefana, bila kuuliza imelipiwa na nani. Tumewafundisha watoto Ekaristi, tukawaachia wapambaji wawafundishe furaha.

Mwaka huu tunapendekeza watoto wote wa Komunyo ya Kwanza wale pamoja uwanjani pa kanisa, chakula kimoja, bila kadi za michango. Kuhusu cherehani, hatuwezi kungoja hadi hapo. Tunaiomba Kamati ya Haki na Amani, pamoja na Halmashauri ya Walei, wamsindikize mama huyu kwa mtendaji wa kata wiki hii, mkataba ukiwa mkononi, na waulize mbele ya watu: leseni ya mkopeshaji iko wapi?