Baridi Yabisi: Jina Moja, Maradhi Mengi

Mzee wa Garissa anapolalamika kwamba magoti yake yana baridi yabisi, huwa ametamka, pengine bila kujua, nadharia nzima ya tiba. Istilahi hii tumeirithi kutoka Kiarabu: baridi, na yabisi, yaani kavu. Katika tiba ya Kiyunani, ambayo Ibn Sina aliiendeleza, baridi na ukavu vikizidi mwilini huleta maradhi. Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, nayo huyahusisha maumivu ya viungo na vata, nguvu ya upepo iliyo baridi na kavu. Si ajabu basi kwamba mikondo yote miwili hupendekeza joto, mafuta na kukandwa. Wasomali wa Kaskazini Mashariki wamekwenda mbali zaidi: huchoma mahali panapouma kwa moto, kwa imani kwamba ugonjwa na moto havikai pamoja.

Tiba ya hospitali ina maelezo mengine. Osteoathraitisi ni kuharibika kwa gegedu na kiungo kizima, na huchochewa na umri, uzito, majeraha na kazi nzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 528 walikuwa nayo mwaka 2019. Haina dawa ya kuiponya kabisa. Mgonjwa hushauriwa kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito na kutumia dawa za maumivu kwa kiasi. Akilemewa, hufanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa goti. Dawa hizo nazo zina madhara. Ibuprofeni na diklofenaki zikimezwa kiholela huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Hoja yangu kama mwanaisimu ni kwamba jina letu hufunika maradhi yasiyofanana. Chini ya baridi yabisi mna osteoathraitisi, mna jongo, mna ugonjwa wa kinga ya mwili kuvishambulia viungo, na miongoni mwa wafugaji mna bruselosi, maradhi yanayoambukizwa kwa maziwa mabichi na kwa kugusa mifugo wagonjwa. Bruselosi huleta homa na maumivu ya viungo, nayo hutibiwa kwa viuavijasumu kwa majuma kadhaa. Mgonjwa wake akichomwa moto, hupata kidonda juu ya maradhi. Akipewa tembe za maumivu bila kupimwa damu, hajasaidiwa pia. Kosa la mganga na la tabibu mwenye haraka ni moja: wote wawili wametibu jina.

Hata hivyo, kudharau kila cha jadi si elimu. Ayurveda hutumia utomvu wa mti uitwao Boswellia serrata kutibu viungo. Mapitio ya kitaalamu ya Cochrane ya mwaka 2014 yaliona dalili kwamba dawa zitokanazo na mti huo hupunguza kiasi maumivu ya osteoathraitisi, yakahimiza uchunguzi zaidi. Jamaa za mti huo, pamoja na miti ya manemane, huota katika nyika za Wajir na Mandera, na utomvu wake huuzwa hadi ng'ambo. Lakini ujamaa wa miti si ushahidi wa tiba. Ubani wetu wapaswa kupimwa wenyewe. Tahadhari pia inahitajika: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani, na 14 kati yake zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Kitu hakiwi salama kwa kuwa ni cha asili.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asilia na inataka iwe na chombo cha kuisimamia. Usimamizi huo hautafaa kitu iwapo mganga, daktari na mgonjwa hawaelewani kwa maneno. Hapa walimu na wanafunzi wana kazi. Tukusanye majina ya maradhi katika Kisomali, Kiorma na Kiswahili, tuulize kila jina linataja dalili gani, kisha tuwakabidhi wahudumu wa afya orodha hiyo. Mama anayesema "baridi yabisi" ataulizwa basi maswali yafaayo: Je, una homa? Je, unakunywa maziwa mabichi? Je, goti limevimba na kuwa moto? Maswali hayo hayana gharama, nayo yaweza kumwepusha na ulemavu.