Neno na Maana Yake: Kiti

Mwanafunzi mmoja wa Butembo alipewa kutafsiri maneno ya Kifaransa *état de siège*, naye akaandika: "hali ya kiti". Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana kosa lake lina sababu.

Neno *siège* limetoka katika Kilatini, *sedere*, yaani kuketi. Kwanza ni kitu cha kukalia. Pili ni makao ya mamlaka. Ndiyo sababu twasema Kiti Kitakatifu tukitaja Roma. Tatu, jeshi likiketi kuuzunguka mji mpaka ushindwe kwa njaa, hilo nalo ni *siège*. Kwetu twasema mji umezingirwa.

Katika Bunge la Taifa mna viti 500. Lakini kiti cha mbunge si mbao na misumari. Ni nafasi ambayo raia wampa mtu kwa kura, apate kusema badala yao. Tena Ibara ya 101 ya Katiba ya mwaka 2006 yafundisha kwamba mbunge ni mjumbe wa taifa. Basi haketi kwa ajili ya jamaa zake wala kabila lake.

Watu wa Beni na Butembo wajua kiti kitupu ni nini. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilipopiga kura, wao waliambiwa wangoje, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Rais akaapishwa tarehe 24 Januari 2019 bila kura zao. Wabunge wao walichaguliwa tarehe 31 Machi tu. Miezi ile yote, mambo ya taifa yaliposemwa Kinshasa, viti vyao havikuwa na mtu.

Kisha, tarehe 6 Mei 2021, *état de siège* ikaanza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Utawala wa jimbo ukatiwa mikononi mwa wanajeshi, na Bunge la jimbo likasimamishwa. Hivyo *siège* ya tatu ikanyamazisha *siège* ya wachaguliwa.

Enyi vijana, andikeni "hali ya kuzingirwa", nanyi mtakuwa mmetafsiri vema. Na siku mtakapokuwa na umri wa kupiga kura, mtu akija kuwaambia, "Nipeni kiti changu," mjibuni kwa adabu: "Bwana, kiti ni chetu, wewe twakuazima tu."