Maji Hayangoji Modemu

Sehemu kubwa ya maji ya Kampala husafishwa Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kisha husukumwa kupanda vilima vya jiji. Katika mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini huishia kwenye bomba la umma la malipo ya kabla: mama anaweka tokeni yake, anakinga dumu la lita 20, salio linakatwa. Anayekata ni chipu ndogo inayohesabu. Toleo hili ni la chipu za aina hiyo, na msimamo wetu tunausema mapema: kitu kinacholipiwa hakipimwi kwa amri ya kusubiri.

Wanafunzi wetu wengi huanzia kwenye bodi ya Arduino, ambako amri hiyo hupanga muda kati ya kuwasha taa na kuizima. Kwa taa haidhuru. Mita ya maji, lakini, hutoa pigo kila sumaku inapopita mbele ya swichi, na programu iliyosimama ikingoja modemu ipate mtandao hailioni. Lita imekwenda bure. Dawa ni intarapti: pigo likiingia, chipu inaacha ilichoshika, inaongeza moja, inarudi kazini.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mteja anapoanza kuumia. Swichi hutetema inapojifunga, pigo moja likahesabiwa mawili. Kwa mita ya pigo moja kwa lita, dumu la 20 linalipiwa 40. Mwamuzi ni taima. Bomba la lita 20 kwa dakika hupiga kila baada ya sekunde 3, hivyo pigo linalofuata jingine ndani ya milisekunde chache ni la uongo, litupwe.

Kisha kuna hitilafu ambayo mezani huioni kabisa. Chipu ya biti 8 husoma hesabu ya biti 16 kwa vipande viwili. Intarapti ikijipenyeza katikati, 255 inapogeuka 256, programu yaweza kusoma 511. Zima intarapti, nakili hesabu, iwashe tena: mistari mitatu tu, na mara nyingi ndiyo inayokosekana.

Walimu wa vyuo, tunawaomba: muhula ujao wapeni wanafunzi mwongozo wa chipu pamoja na mita halisi ya maji. Taa wataiwasha wenyewe nyumbani.