Fundi Alipwe kwa Kuchunguza

Wako ndugu zetu wengi ambao riziki yao imo katika motokaa za zamani. Wengine huchukua abiria, wengine mazao, wengine mchanga na matofali. Motokaa hizo zina kabureta na pointi, wala hazina kompyuta ya kumwonyesha fundi palipo na ugonjwa. Kwa hiyo hana budi kuutafuta mwenyewe kwa macho, kwa masikio na kwa pua. Tunalolilalamikia leo ni kwamba kazi hiyo ya kutafuta mara nyingi haifanywi, na sababu yake si uvivu wa mafundi peke yao.

Tunamfahamu dereva mmoja wa Land Rover 109 aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni. Kila baada ya mwendo wa nusu saa injini ilikohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Akingoja kidogo, iliwaka tena kana kwamba haikuwa na lolote. Gerejini aliambiwa anunue koili, akanunua. Kisha pampu ya petroli. Kisha kabureta, nayo ilimaliza mapato yake ya mwezi mzima. Gari likazidi kuzima. Mwishowe mzee mmoja aliyeomba lifti alimwambia afungue kifuniko cha tangi. Alipofungua, hewa iliingia kwa mvumo, na gari likaondoka. Kitundu cha kupitisha hewa katika kifuniko kilikuwa kimezibwa na tope. Petroli ilipopungua, hewa haikupata njia ya kuingia kushika nafasi yake, na pampu, mpya kwa ya zamani, ikashindwa kuvuta. Dawa ilikuwa kipande cha waya mwembamba.

Je, alaumiwe nani? Dereva naye ana sehemu yake, kwa maana alipofika gerejini alisema tu kwamba gari linasumbua. Hakusema linazima baada ya muda gani, wala kwamba likipumzika huwaka. Habari kama hizo ndizo mwanzo wa matibabu. Injini inayotetema gari likiwa limesimama, lakini ikatulia mwendo ukiongezeka, huenda inavuta hewa kwenye mpira uliopasuka. Iliyo njema tambarare, ikaishiwa nguvu mlimani, huenda haipati petroli ya kutosha. Inayozima ikipata moto na kuwaka ikipoa, ni haki kuishuku koili. Lakini kushuku si kuthibitisha. Lau fundi yule angaliendesha gari mpaka likazima, akaitazama cheche papo hapo, angaliiona ya buluu yenye nguvu, na koili ingalikuwa imekwisha kuachiwa huru.

Wala uchunguzi hautaki vyombo vya anasa. Fundi hung'oa waya wa plagi moja moja injini ikinguruma, kwa koleo yenye mpira. Ile ambayo ikitolewa mlio haubadiliki, ugonjwa uko kwenye silinda yake. Rangi ya plagi nayo husema: hudhurungi ni afya, masizi makavu ni petroli kuzidi, weusi wenye mafuta ni oili kupenya, weupe ni joto kupita kiasi au petroli kupungua. Katika Land Rover hiyo yenye injini ya lita 2.25, nafasi ya pointi ni milimita 0.35 mpaka 0.40, nayo hupimwa kwa fila geji, si kwa kukisia.

Lipo na neno "uzee", ambalo husemwa kila fundi anapochoka. Uzee si jina la ugonjwa. Katika nchi zetu petroli yenye risasi iliondolewa ilipofika mwaka 2006, kwa faida kubwa ya afya za watoto. Lakini injini nyingi za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Kiti kikilika, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo hupungua, na plagi mpya hazitasaidia kitu. Hilo nalo hupimika.

Lakini tuseme kweli. Mwenye gari yu radhi kutoa fedha akionyeshwa kitu kipya ndani ya boksi. Fundi akitumia saa mbili akakuta kitundu kimeziba, huulizwa, "Kwani umefanya nini?" na kupewa fedha za chai. Madhali ujuzi wake haulipwi, na watoto wake wanataka kula, atauza koili. Sisi twaona ujira wa uchunguzi upatanwe kabla spana haijashikwa, ulipwe hata kama hakuna kilichonunuliwa, na spea isinunuliwe mpaka fundi aonyeshe kipimo kilichoihukumu ile ya zamani. Na hiyo ya zamani arudishiwe mwenyewe. Yule dereva wa ndizi aliiacha yake gerejini, nayo ilikuwa nzima.